Kura Zetu za Gatete

Rumonge, karibu na soko
22 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Esha,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta huko Kigoma ukiwa mzima, wewe na shemeji Saif. Goti lako je, linakuruhusu kusujudu sasa? Mama amepona kikohozi, alhamdulillah. Ndagala ni haba, ziwa lina upepo kila siku.

Dada, sitakuficha. Nyumba yangu haina amani.

Siku ya uchaguzi mume wangu Djibril alikuwa mandateri, yaani wakala wa chama chake, akilinda kura zake kwenye biro ya kura katika shule moja ya Gatete. Yeye alipiga kura humo humo, na mimi pia. Upigaji kura ulipokwisha, jua likiwa bado linawaka, mkuu wa biro aliwatoa mandateri wote nje, eti meza zipangwe. Mkuu huyo ni Venanti, jirani yetu, ambaye injini ya boti yake hutengenezwa na Djibril miaka yote. Mlango ukafungwa. Ulipofunguliwa, sanduku lilikuwa wazi, karatasi ziko mafungu mafungu. Wakasoma matokeo. Chama cha Djibril hakikupata hata kura moja.

Djibril akasema, "Venanti, mimi nimepiga hapa. Mke wangu amepiga hapa. Kura zetu ziko wapi?"

Venanti akamsogezea karatasi ya matokeo. "Tia saini, rafiki yangu. Watu wamechoka."

Wengine wote walitia. Djibril akakataa.

Tangu hapo hakuna anayemletea injini. Vijana wawili tusiowajua hukaa ng'ambo ya barabara wakitazama mlango wetu. Hawanunui kitu, hawaongei. Tukipita, Venanti hujifanya anazungumza kwa simu. Juzi mtu alimsimamisha Shaima wangu akitoka shule, akamuuliza baba yake hulala chumba gani. Mtoto akamjibu, maana tumemfundisha adabu kwa wakubwa.

Nilimsihi Djibril avuke aje kwenu. Akasema, "Khamisa, nikikimbia, watasema mwongo ni mimi." Nilikasirika, nikamwambia karatasi haiwezi kuwa baba wa watoto wangu. Baadaye nilijionea haya, kwani katika kura hizo alizokuwa akiziulizia, moja ilikuwa yangu.

Jana aliitwa kwenye ofisi ya komini. Sikupika, sikufagia, nilikaa kizingitini nikivuta tasbihi. Alasiri akarudi mzima, hata shati halikukunjika.

"Umetia saini?"

"Sikutia."

"Wamesemaje?"

"Wamenipa soda. Wamenishukuru kwa kufika. Wamesema hawana neno na mimi, na watakuja kutusalimu hapa nyumbani."

Akaenda kuchukua nyundo, akaanza kukaza komeo la mlango.

Ijumaa Shaima na mdogo wake watavuka na Chanceline, yule muuza mawese unayemjua. Wapokee, dada. Waambie ni likizo tu. Mimi nabaki na mume wangu, naye hataki kuondoka. Usinipigie simu, nami sitakupigia.

Msalimu shemeji Saif, na Amjad mwanao, na bibi Shekha kama bado yuko hai. Mama anakutumia dua zake zote. Mola awafunike kwa rehema yake, na sisi atuonyeshe asubuhi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Khamisa