Bibi Halyna Anaficha Uvimbe Ili Nisilie

Mama Euphrasia, shikamoo. Naitwa Benadetha, nakaa Silver Spring, hapa Marekani, nimekwama na wewe ndiye ninayeweza kukwambia bila kuona aibu. Nafanya kazi kwenye utafiti wa afya, tunawafuatilia watu waliokuwa karibu na kile kinu cha nyuklia kilicholipuka Ukraine mwaka 1986, miaka ishirini iliyopita, maana madhara mengine huchukua miaka mingi kujitokeza, basi kila mwaka nawahoji wale waliohamia huku, nauliza habari za shingo, maana mionzi huharibu tezi ya hapo, uchovu, dawa, najaza fomu, na sheria yetu kubwa ni kwamba usijenge urafiki na unayemhoji. Sasa mwaka juzi Bibi Halyna, mama wa miaka sabini na mbili, akaniletea chupa ya jamu, nami kwa nilivyolelewa siwezi kumkatalia mtu mzima chakula, nikapokea, na kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, nikamjazia achari ya embe nikampelekea kwake, kumbe na kwao ni hivyo hivyo, akanirudishia matango ya siki, nikarudisha, akarudisha, mpaka leo nina matango ya kutosha harusi. Mwaka jana aliponisimulia kifo cha mdogo wake nikalia juu ya fomu. Mwaka huu kila swali alijibu kuwa ni mzima, nikaandika mzima. Jumapili nimempelekea chupa yake, skafu ikateleza, nikaona uvimbe shingoni kama ndimu. Akaniambia, “Usiandike, utalia tena.” Nikimwambia Bridget, msimamizi wangu, itajulikana kuwa nilikuwa naenda kwa bibi. Mume wangu Mwita anasema, “Usijireport mwenyewe, watakufire.” Nifanyeje, mama?

Marahaba, Benadetha. Nimecheka peke yangu jikoni, na hayo matango nitayafuata. Sasa kaa nikugombeze.

Jibu hili nilikusomea kwa simu siku barua yako ilipofika, kwa sababu gazeti letu hutoka mara moja kwa mwezi na shingo ya bibi haiwezi kusubiri toleo. Nalirudia kwa ajili ya wengine wenye mioyo laini kama wako. Kupokea jamu sikulaumu, hata mimi ningepokea. Ila umeuona uvimbe Jumapili, ukakaa ukaniandikia mimi, ambaye si daktari.

Nenda kwa bibi kwanza, mwambie waziwazi kuwa hutanyamaza, kisha umpeleke hospitali. Halafu ingia kwa Bridget ueleze yote kuanzia chupa ya kwanza, na uombe bibi ahojiwe upya na mtu mwingine. Mnatafuta kujua nani ameumwa nini baada ya miaka ishirini; ukiandika mzima penye uvimbe, daktari wa kesho atasoma uongo wako na kumtibu nao mtoto wa mtu. Mwita namheshimu, lakini hapa amekosea. Huenda ukafukuzwa kweli, sitakuficha. Kazi nyingine utapata, wewe bado kijana.

Najua chupa yake nyingine ipo kwako. Ijaze, mwende nayo hospitali, mle wote mkisubiri kuitwa. Akikufunulia shingo, tazama, na umsikilize mpaka amalize. Machozi yakija yaache yaje, lakini mwambie kuwa kukulinda wewe si kazi yake. Amebeba hayo mambo miaka ishirini, mama wa watu, usimwongezee mzigo wa kukubembeleza.