Waya Nilioulaza Kwenye Jivu

Jumatatu, 3 Februari

Chai bila maziwa, kisha mtaroni tena. Leo nimemaliza kufukia waya wa mashine ya posho, ya kusagia mahindi, ya dada yangu Mghoi, hapa Miasenyi. Ni wa alumini, unatoka kwa mita ya stima kando ya barabara hadi kibandani kwake. Jedwali la vipimo vya nyaya la nini? Waya nikiushika kiganjani najua utabeba ampea ngapi. Huu unatosha na kubaki.

Nimeulaza kwenye jivu la makaa, chini na juu, mchwa asiuguse. Babu alizika nguzo za zizi hivyo kule Wusi na bado zimesimama. Mchwa wa huku si mchezo. Aliwahi kula soli ya buti langu nikiwa nimelivaa, nikafika Voi bila kujua.

Nimemwambia Mghoi waya huu ungevuta treni ya mizigo. Akacheka. Tangu mumewe afe, mashine hii tu ndiyo inamlisha. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Jumatano, 5 Februari

Inasaga. Foleni ya akina mama hadi barabarani. Nilisimama mlangoni kama mkubwa wa stima nchi nzima.

Adhuhuri taa zikafifia, mashine ikaanza kukohoa. Mzee Swaleh wa duka la jirani akapaza sauti: "Fundi, mashine yako yataka dawa ya pumu!" Kicheko kila upande. Nikasema stima ya barabarani iko chini. Sikuwa na uhakika. Jua kali. Udongo ulikuwa unachoma hadi ndani ya viatu.

Ijumaa, 7 Februari

Wakesho, binti wa Mghoi, amekuja kutoka Voi, anakosomea umeme. Aligusa waya pale unapotoka ardhini, akatoa mkono haraka, unachoma. Akauliza nimeuzika na nini. Nikamwambia, kifua mbele.

Kisha akapiga hesabu kwenye simu. Alumini haibebi kama shaba ya unene huo huo, akapunguza. Udongo una joto, akapunguza. Ni mkavu, akapunguza tena. Jivu ndilo baya kuliko yote, eti ni kama kumfunika blanketi mtu mwenye homa. Joto la waya halina pa kwenda. Kilichobaki hakifikii kile mota ya mashine inachokula.

"Mjomba, tuzime leo. Tufukue, tutoe jivu, tutafute waya mnene."

Nilikasirika. Mimi niliyevuta waya Tsavo ndovu akiwa ameukanyaga! Nifukue kazi yangu mbele ya foleni?

Mghoi aliniangalia mimi, si binti yake. "Kaka, nizime?"

Nikasema saga.

Jumamosi, 8 Februari

Imeungua.

Plastiki ya waya iliyeyuka huko chini. Laini moja kati ya tatu za stima ikakatika, mota ikabaki kuhangaika na mbili. Moshi mweusi. Mghoi alikimbia kuzima, akachelewa. Alikaa juu ya gunia la mahindi ya watu, unga kwenye kope. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Wakesho alifagia tu.

Jumatatu, 10 Februari

Nimefukua peke yangu. Jivu safi. Hakuna mchwa hata mmoja. Waya umejikunja, umeshikana na ganda lake.

Fundi wa mota mjini Voi ameifungua, akaifunga. Akatikisa kichwa. Hairudi. Pesa ya kununua nyingine hakuna, si kwa Mghoi si kwangu.

Njiani nilijaribu kutunga hadithi ya kuwaambia watu. Haikuja. Mimi ni bure kabisa.

Jumanne, 11 Februari

Sikutoka nje. Sitaki kuona mtu.

Alhamisi, 13 Februari

Asubuhi nimemwona Mghoi akivuka barabara, debe la mahindi kichwani. Anaenda kusagisha kwa mwingine. Nikamkimbilia nimpokee.

"Wacha tu, kaka. Si zito."

Nikamfuata nyuma. Akina mama waliokuwa wateja wake wakampisha nafasi mbele ya foleni. Alikataa. Akaweka debe chini, mwisho kabisa, akajifunga leso vizuri na kungoja zamu yake.

Mashine ya huko inanguruma vizuri. Nilisimama nje hadi akamaliza. Tukarudi nyumbani, mimi nyuma yake, debe bado kichwani kwake.