Leo Hatuna Chakula

Ushirombo

Mama Zuhura mpenzi,

Hujambo na wanangu? Huku mvua haijakata tangu juzi. Jana mwenyeji wangu, Mzee Masanja, alinipeleka kwake. Mkewe akanipokea kwa masikitiko: "Karibu mgeni, ila leo hatuna chakula." Nikawaonea huruma, nikajificha nyuma ya nyumba nikamaliza visheti vyako vyote.

Niliporudi ndani nikakuta ugali wa mtama kama kichuguu, kuku mzima na maziwa ya mgando. Nikasema, "Nimeshiba." Mzee akacheka, "Huyu kalelewa!" akaniwekea firigisi. Nikaapa kwamba nimeshiba kweli, nikaongezwa paja. Nikaona basi, kama huku maneno husemwa kinyume, nami niyageuze: "Bado nina njaa kali!"

Kumbe hilo peke yake huaminiwa kama lilivyo. Mzee akatoka na mvua ile ile kwenda kukamata kuku wa pili.

Leo nakuandikia nimelala chali. Wape watoto salamu, na wewe ujue kwamba sikukumbuki hata kidogo, wala nyumbani sina hamu napo.

Mumeo aliyeshiba,
Baba Zuhura