Kosa la Kompyuta Nililokusingizia

Mke wangu mpendwa, Mama Zuhura,

Amani iwe nawe huko ulikotangulia. Herufi zangu, zile ulizozisifu kuwa zimenyooka kama safu ya wanafunzi, sasa zalala huku na huku. Daktari asema moyo umechoka. Mimi najua umelemewa, na nakijua kinachoulemea.

Wakumbuka kompyuta ilipofika nyumbani kwetu Magogoni? Ndugu yangu aliileta kutoka Uarabuni, imeviringwa blanketi kama mtoto mgonjwa. Ilikuwa na kioo cheusi na maandishi meupe, haina picha wala rangi. Ili ufungue kitu, sharti uandike amri yake herufi kwa herufi. Nilidhani utaiogopa. Lakini miaka ya themanini, nilipokuwa bado nafundisha, nilikuwa nimekufunza kupiga taipu, na vidole vyako havikusahau. Ulifuta mikono kwa leso, ukaketi, ukaniambia, "Baba Zuhura, ondoka hapo mgongoni. Wanipumulia kama fahali."

Nilijua ulichoandika, ingawa sikusoma hata mstari mmoja. Ulikuwa somo, yaani kungwi. Maharusi wa Kisauni, hadi kule Utange, walipita mikononi mwako kufundwa mambo ya unyumba, kwa maneno na nyimbo ulizoachiwa na nyanya yako. Lakini kwetu mama hamfundi bintiye mwenyewe. Ni aibu kwa wote wawili. Kwa hivyo ukamwandikia Zuhura wetu, ili siku yake ikifika somo wake amsomee, na maneno yako yaingie katika chumba ambacho wewe hungeingia.

Nilikuuliza kwa nini usiandike daftarini. Ukacheka. "Karatasi husomwa na kila apitaye. Mashine hii haina umbeya." Kisha ukaninyooshea kidole. "Na wallahi, mwanamume asiyaone haya. Hata wewe."

Nikaapa. Kwa miaka miwili, kila baada ya alasiri, nilikusikia ukiandika na kuimba kwa sauti ya chini. Nikikohoa mlangoni, wimbo ulikatika.

Kisha nikatamani mfumo mpya. Walimu wenzangu waliostaafu waliuzungumza barazani: madirisha yanayofunguka kwenye kioo, rangi, na kidude cha kushika mkononi wanachokiita panya. Nilipokueleza, ulisema, "Mimi nafuga paka, wewe waleta panya! Hii yafanya kazi. Ina kosa gani?"

Haikuwa na kosa. Nilitaka tu nami niwe na la kusema barazani.

Fundi alitoka Bombolulu, mtu mzima, mpole. Wewe ulikuwa na siku ya tatu huko Utange, ukimfunda biarusi. Alisema diski yetu ni ndogo. Itambidi afute kila kitu, atie mfumo mpya, kisha avirudishe vitu vyetu kutoka kwenye disketi. Tukaanza kunakili: barua zangu, mitihani yangu ya zamani, hata orodha ya vitabu vyangu. Kila faili aliifungua kwanza, ahakikishe imenakiliwa sawasawa. Ikabaki folda yako.

Nikawaza macho ya mwanamume mgeni juu ya maneno yako. Ningeweza kumwambia, "Fundi, hebu kaa barazani unywe kahawa," nikainakili mwenyewe bila kuifungua. Ningeweza kumwambia arudi ukisharudi. Lakini niliona haya kumweleza kuwa ndani ya kompyuta ya mwalimu mna siri za wanawake. Na nilikuwa na haraka ya kuziona hizo rangi.

"Vimekwisha vyote, Mwalimu?"

"Vyote."

"Nifute?"

"Futa."

Sikughafilika, mke wangu. Nilijua. Nilijiambia kwamba unayo yote kichwani, utayaandika upya.

Ulirudi ukinukia asumini na udi. Ukakitazama kioo kinachometameta, ukasema, "Mashaallah, kumbe panya wako ana uzuri!" Ukaketi. Ukatafuta. Ukaniita, "Baba Zuhura, mbona vyangu sivioni?"

Neno la kweli lilikuwa mdomoni. Nikalimeza. Nikasema, "Siku ile ya mwisho ulibonyeza nini? Tulipoiwasha, folda yako haikuwamo."

Ulivitazama vidole vyako, kimoja kimoja. Kisha ukasema, "Nilijipeleka wapi na mikono hii ya kukuna nazi? Labda Mungu hakutaka yaandikwe." Ukanyanyuka, ukaifunika kompyuta kwa kitambaa ulichokitarizi mwenyewe, na hukuigusa tena. Wala hukuandika tena, si kwa mashine, si kwa kalamu.

Siku ya Zuhura ilipofika, nilikuona umekaa mkekani nje ya mlango wa chumba alimofundwa. Ndani mlisikika sauti ya mwanamke mwingine, na nyimbo nyingine. Ulitega sikio, ukikunja na kukunjua ncha ya leso. Nilipita nikaingia msalani, nikafungua maji ili usinisikie.

Nyumbani jambo hili likawa mzaha, likakua kwa kusimuliwa mpaka ikawa uliiua mashine nzima. Zuhura akija kututembelea, ukinyoosha mkono kwenye redio, alikuwa akisema, "Mama, wacha! Utaiua kama ulivyoiua kompyuta!" Sote tukacheka. Wewe ulicheka. Nami nilicheka, Mama Zuhura. Miaka yote hiyo nilicheka.

Hata ukalala kitandani, usiinuke tena. Ulinishika mkono, ukasema, "Tuwiane radhi. Ile kompyuta yako... niliiharibu, nikakukasirisha, ukanyamaza tu. Umeniwia radhi?"

Nikajibu, "Nimekuwia radhi."

Ukasema, "Ahsante." Ukafumba macho. Asubuhi yake ukaenda.

Barua hii sitaiacha chini ya mto ikutwe nikishavikwa sanda. Huko ni kukimbia. Ijumaa Zuhura ataniletea uji. Nitampa mkononi aisome mbele yangu. Uso wake nauogopa kuliko kaburi. Lakini ni haki yake kujua kwamba mama yake alimwandikia kwa miaka miwili, na aliyeyafuta maneno hayo si mama yake. Akitaka kuniacha na uji wangu upoe, sitamwita.

Kompyuta ingali pale, chini ya kitambaa chako. Haiwaki tena.

Ulikufa ukinishukuru kwa kukusamehe kosa langu mimi. Radhi ile haikuwa yangu kuitoa; ilikuwa yangu kuiomba. Naiomba leo, na hakuna mkono wa kuushika.

Mumeo,
Baba Zuhura