Pampu Mpya ya Pikapu

Mwanangu kitinda mimba,

Sisi wazima, na yule kuku wako mkorofi ametotoa. Pikapu ya baba yako, ile iliyotembea mpaka mita ikasimama, imewekwa pampu mpya ya mafuta. Ile kuukuu ilikuwa haizinduki mpaka nigonge tangi kwa mwiko huku yeye akiwasha. Sasa gari linawaka mara moja.

Nilifurahi, angalau mkono wangu upumzike. Ila tangu uolewe nyumba imepoa, na "Haya mama, gonga!" ndiyo ilikuwa salamu yetu ya asubuhi.

Leo nimemkuta kwenye usukani, ametulia tu, ufunguo hajauzungusha.

"Imegoma tena?"

"Nzima. Nakusubiri wewe."

Nikarudi jikoni kufuata mwiko.

Mama yako, fundi wa kugonga