Bunduki Haiwekwi kwa Mizigo

Jumanne, 14 Mei. Kitale. Mvua ya usiku ilikatika alfajiri, ukungu ukabaki. Nilivaa sweta chini ya sare ya kazi.

Kazi yangu ni mlango wa supamaketi. Napokea mizigo ya wateja, naiweka kwenye visanduku vya ukutani, nawapa kibati chenye namba. Mwezi uliopita meneja alituita akasema: anayekuja na bunduki inayoonekana, mrudisheni, mna ruhusa. Alisema kwa mdomo tu. Sote tuliitikia, maana kila mmoja alidhani siku hiyo itamkuta mwenzake.

Leo imenikuta mimi.

Alikuwa polisi wa akiba, wale wanaolinda mifugo huko mpakani. Mtu mzima, koti limelowa, matope mpaka magotini, bunduki begani. Usoni hakuwa na ubaya wowote, alikuwa na uchovu tu. Lakini ndani, karibu na mlango, mama mmoja alimnyakua mtoto wake kutoka kwenye troli, akaacha unga na mafuta pale pale, akajibana ukutani. Huyo mama ndiye aliyenifanya nifungue mdomo.

Nilipaswa kumwambia afande arudi. Badala yake nikasema ninalosema kutwa nzima: "Karibu, weka kwa mizigo nikupe namba."

Na mkono nikanyoosha.

"Niweke nini?"

"Hiyo. Hauna luhusa ya kuingia nayo."

Nikiogopa, Bungoma yote hunirudi kinywani, r na l zikabadilishana. Mteja mmoja kwenye foleni akaangua kicheko. "Ati luhusa! Sasa bana, atapewa namba gani? Ile ya kabichi?"

Afande hakucheka. "Madam, hii haiachwi hata nikienda choo. Ikipotea, mimi ndiye nimepotea. Kwa hivyo unanifukuza?"

Nilisema ndiyo. Sauti ilitoka ndogo. Akageuka, akaenda, na mvua ilikuwa imeanza tena. Yule mama akamrudisha mtoto kwenye troli. Hakunitazama.

Meneja aliniita ofisini akauliza nani alinipa ruhusa ya kufukuza mteja. Nikamwambia ni yeye. Akasema, "Nilimaanisha wezi." Nikawaza, bila kusema, kwamba mwizi haji ameibeba begani kama jembe. Akaongeza kwamba yule mtu akilalamika kwa mwenye duka, nijue pa kwenda. Pa kwenda ni Myanga kwa mama, na mama ananitegemea mimi.

Nilirudi mlangoni kupokea mizigo. Nilikuwa namwona mtu anayekesha akilinda ng'ombe wa wengine, halafu namrudisha kwenye mvua.

Saa tisa alirudi. Mikono mitupu. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha kinyozi, mwenzake alisimama na bunduki mbili. Afande akaweka mwavuli uliovunjika mbele yangu.

"Na hii, iko na luhusa?"

Nilicheka mpaka macho yakalowa. Nikampa kibati chake.

"Dada yangu, ulifanya vizuri," akasema. "Hata mama watoto hataki nipite nayo jikoni, ananiletea chakula nje. Lakini hiyo ya kuweka kwa mizigo, usiwahi ambia afande mwingine. Si wote wanajua kucheka."

Meneja aliona yote kutoka kwenye ngazi. Akashuka kumsalimia kwa mikono miwili. Jioni aliniambia tu: "Kesho uko mlangoni." Sijui kama ni shukrani au adhabu.

Kazi ninayo bado. Nashukuru. Lakini nisijidanganye: leo ruhusa yangu ilifanya kazi kwa sababu mwenye bunduki aliikubali. Meneja hakuisimamia. Mimi hata kuitamka sikuweza.

Akija asiye na mwenzake wa kumshikia, wala mke wa kumlisha nje?

Nimeamua. Kesho kabla ya kufungua nitamwomba meneja ayarudie yale maneno mbele yetu sote, na aseme kwamba nikimwita atashuka. Na maneno yangu nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo: Samahani, afande. Silaha haziingii. Niambie unachohitaji, nikuletee hapa nje. Niliyachagua kwa makusudi, hayana r hata moja.

Sasa najisikia nikisema siraha.

Ni saa saba usiku, bado sijalala.