Shemeki, Masini Yako Imeogesha Jiwe

Shemeki Anselme,

Tangu uondoke, katika Bel-Air nzima hakuna fundi wa kusafisha bijou, pete na mikufu ya watu, anayenifikia. Watu wanatoka mjini kati, wanaacha maduka yenye vioo na taa, wanakuja kupiga hodi kwangu na pete zao mkononi. Wamama wanapanga mstari mpaka barabarani. Wananiita Fundi Donatien, na mimi naitika bila kucheka.

Bon. Najua umekwisha kuanza kucheka wewe, basi acha niseme kweli kabla hujaita wenzako wa huko waje wasikilize. Hakuna mstari. Mtu mmoja tu ndiye aliyenipa bijou zake nimsafishie, naye ni mjane wako, na ilibaki kidogo akae na nguo nyeusi mpaka kufa kwa sababu yangu. Ndiyo habari niliyotaka kukuandikia. Kaa vizuri.

Kwanza nikueleze masini ilinifikiaje. Siku ya kugawa vitu vyako, wazee wa ukoo walitandika mkeka. Watoto wako walichukua nyundo, koleo na ile taa ya kuyeyushia. Dada yako Générose, yaani bibi yangu wa ndoa, alipata redio. Ikabaki masini yako ndogo ya kuogesha bijou, lile sanduku la chuma lenye kifuniko, linalofanana na sufuria iliyokwenda shule. Mjomba wako akasema: “Hii mupatie Donatien. Njo yeye alikuwa anakaa na marehemu mu atelier kila siku, anajua kazi.” Wote wakakubali. Shemeki, wewe unajua nilikuwa nakaa nafanya nini pale karakanani kwako. Nilikuwa nakunywa munkoyo, kile kinywaji chako cha mahindi na mizizi, na kukusimulia habari za watu. Lakini ukoo mzima ukikuita fundi, utakataa? Nikapokea kwa mikono miwili, na uso wa mtu mwenye huzuni na elimu.

Na huzuni nilikuwa nayo, usidhani. Siku ya kukuzika nilifanya kazi yangu ya utani kama ukoo wangu unavyopaswa kuufanyia ukoo wako: nililala njiani mbele ya jeneza, nikasema halipiti mpaka nipewe kinywaji, maana marehemu alikuwa mchoyo na sasa anataka kututoroka. Watu walicheka mpaka mashada ya maua yakaanguka. Wakanipa chupa, nikainuka. Waliona nimechelewa kuinuka, wakasema ni magoti ya uzee. Hayakuwa magoti, shemeki. Magoti yalikuwa mazima siku ile.

Basi. Ukafika wakati wa kutosha kilio, kumvua mjane nguo nyeusi. Muda wote ule Mama Beatrice alikaa bila pete, bila hereni, shingo tupu, kama desturi inavyotaka. Familia ikapanga: misa asubuhi, kisha avae nguo mpya, na bijou zake zirudi mwilini mbele ya watu wote. Akaniletea kifuko chake cha kitambaa. Akasema: “Papa Donatien, zote zimekuwa nyeusi, unisafishie. Lakini ile jiwe uichunge. Bila ile jiwe miye sitoshe kilio. Nitabakia na hizi nguo mpaka munizike nazo.”

Na unamjua bibi yako. Hasemi kitu ili kipite tu.

Jiwe unalijua pia. Malakiti ya kijani, umbo la moyo, ndani ya kikombe kidogo cha fedha cha kuning'inia shingoni, uliyomchongea kwa ajili ya ndoa yenu. Ulilitoa upande wa mgodi wa Kinsevere, ukasema umeliokota chini, na mimi kwa heshima sikuuliza chini ya nani.

Nilianza vizuri, ungeniona. Maneno yako nilikuwa nayakumbuka karibu yote. Maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka. Tone la sabuni ya sahani. Maji yafike kwenye alama, maana masini ikitetemeka kavu inajiua yenyewe. Bijou zikae ndani ya kikapu, zisiguse chini, zisilaliane. Ukishawasha, mkono nje.

Kwenye sabuni ndipo tulipogombana na dada yako. Mimi nilifikiri hivi: kama sabuni inasafisha, je, lutuku, pombe kali inayoweza kusafisha hata akili ya mtu? Chupa nilikuwa nimeshika tayari. Générose akanusa toka jikoni. Pua ile unaijua, ni ya ukoo wenu. “Weye muzee! Unatia lutuku mu kintu ya umeme? Unataka tuungue bote, tumufuate Anselme leo leo?” Ndipo nikakumbuka ulivyosema: pombe na petroli hapana, hata tone, mvuke wake unangoja cheche tu. Nikairudisha lutuku mahali pake, yaani tumboni.

Kisha kusikiliza. Ile kazi yako ya kutikisa kila bijou karibu na sikio kabla haijaoga, macho umefunga kama daktari anayesikia moyo. “Inalia? Ibakie inje.” Maana jiwe linalolia limelegea, na masini italing'oa. Nikatikisa pete: kimya. Hereni: kimya. Cheni ya dhahabu: kimya. Ule moyo wa malakiti: kimya. Nikajisifu. Baadaye tu dada yako akaniuliza nilisikiliza na sikio gani. La kushoto, shemeki. Lile ambalo hata kengele ya parokia haliisikii.

Nikawasha, dhahabu kwanza. Ikaanza kuvuma, zzzz, kama nyuki walio ndani ya ndoo. Na niliposikia ile sauti... ngoja kidogo.

Nilikaa tu. Nilisahau kutazama. Niliona kama uko nyuma yangu unakohoa, unatafuta miwani ambayo umeivaa. Nikageuka kabisa nikuambie, mjinga mimi. Kulikuwa na ukuta.

Ilipozima, maji yalikuwa yamegeuka supu. Mama Beatrice, kwa heshima yote, alikuwa amebeba ndani ya cheni ile mafuta ya uso, poda na bukari, ugali wa ndoa yenu yote. Nikasuuza, nikapangusa kwa kitambaa laini. Dhahabu ikacheka. Hata Générose aliacha sufuria yake akaja kutazama, na hilo si jambo dogo.

Na hapo, badala ya kuacha, nikalitazama jiwe. Nikajiambia: hili ni jiwe la Katanga. Limelala ndani ya ardhi tangu Mungu aumbe, ndani yake ndimo unamotoka mukuba, shaba yenyewe. Baba zetu wamelipasua kwa nyundo, wamelitupa motoni, treni ya baba yako imelibeba mpaka reli zikapinda. Leo litaogopa maji ya sabuni? Sisi watu wa Katanga tunajivunia malakiti kama mtu anavyojivunia mjomba tajiri, na afya ya mjomba hatuijui. Ni jiwe laini. Uliniambia. Sasa nakumbuka hata kidole ulichoniinulia: “Malakiti, hapana kuogesha! Na lulu pia! Kitambaa yenye maji kidogo, kisha kavu, basi.” Nilikuwa nimelala kwenye benchi yako, lakini ulisema.

Nikaliweka ndani.

Nilipofungua kifuniko, kikombe cha fedha kilikuwa peke yake, kinang'aa vizuri sana, kitupu. Jiwe lilikuwa limelala kwenye kikapu, limepauka kama jicho la samaki wa juzi. Nikafunga kifuniko, nikakifungua tena. Sikuogopa aibu, aibu nimeizoea. Nilimwona Mama Beatrice na nguo zile, anapika nazo, anakwenda sokoni nazo, wajukuu wanakua hawajamwona na rangi nyingine, kwa sababu mlevi mmoja alitaka kuitwa fundi.

Nikageuza kikombe nitafute yale makucha madogo ya kushikia jiwe, labda yamekunjuka, labda nitayabana. Makucha hakuna. Ndani kulikuwa na ganda la manjano. Nikalikwaruza kwa kidole.

Anselme! Gundi! Kole ya viatu!

Wewe! Wewe uliyesimama sokoni mbele ya mafundi wote ukapiga kelele: “Kole iko ya viatu! Bijou inashikwa na makucha!” Wewe uliyekataa salamu ya fundi mwenzako kwa sababu alibandika kijiwe cha madame mmoja! Na moyo wa bibi yako mwenyewe, uliobarikiwa na padri, Bikira Maria anatazama, umeubandika kama soli! Nilicheka peke yangu mpaka Générose akaja kuona kama nimeipata chupa tena. Nilicheka, na jiwe limekufa mkononi. Si vizuri kucheka hivyo. Nilitaka nikuchekee usoni, uso wenyewe haupo, kicheko kikabaki hakina pa kwenda.

Sasa ningefanya nini? Nilichukua nta ya mshumaa wa parokia na kitambaa, nikasugua jiwe polepole mpaka mkono ukafa ganzi. Kijani ikarudi. Si yote. Mistari yake ikaonekana tena, inapepesuka kama mtu aliyetoka kwenye malaria. Kisha nikaenda kwa fundi viatu wa kona nikaomba kole. Ndiyo. Nilifanya kama wewe. Makucha ningeyatoa wapi?

Nilimpelekea asubuhi ya misa yenyewe, kole bado mbichi. Uongo nilikuwa nimeutayarisha, uongo mzuri, wenye fundi wa Kolwezi ndani yake. Sikuupatia nafasi. Mama Beatrice alipokea, akageuza, akalileta puani. Akanusa. Akanitazama. Akanusa tena. Dada yako karibu yangu alikuwa anasali kwa midomo tu.

“Kole,” akasema. Akatafuta kiti, akakaa. “Njo harufu ile ile.”

Akaanza kucheka, shemeki. Mkono mdomoni, mabega yanaruka, machozi yanashuka. Kumbe siku ya ndoa ulikuwa umechelewa na kazi za watu, ukabandika jiwe asubuhi ile ile, ukafikiri hatajua! Misa nzima harufu ilikuwa inampanda puani. Padri anahubiri upendo, yeye anawaza viatu. Alitaka akuambie jioni, akaona vile unavyolitazama shingoni mwake, akaacha. “Alikuwa anajisifu sana na makucha yake,” akasema. “Miye nimuharibie jina?” Basi maisha yote ya ndoa yenu amejua. Wewe unapiga mahubiri juu ya kole mezani pake, yeye anakupakulia bukari.

Kisha akafuta machozi, akalishika lile jiwe kifuani. Akasema: “Papa Donatien, nilikuwa naogopa leo. Niliona nikivaa rangi nitakuwa nimemuacha ku kaburi, nimeenda. Sasa ananuka hapa.” Akampa dada yako cheni amfungie nyuma ya shingo. Générose alikuwa analia hata kifungo hakioni, ikabidi nimwelekeze.

Akatosha kilio. Alivaa kitambaa cha njano chenye maua makubwa, na moyo wako wa kijani juu yake, umepauka kidogo upande mmoja, hakuna aliyeona. Alipendeza, mimi naweza kusema, mimi ni mtani. Tukala. Mafundi wenzako wakasimama mmoja mmoja kukusifu, na yule mnene wa karibu na mlango wa soko akapaza sauti: “Marehemu Anselme, tangu azaliwe mpaka kufa, hakugusa kole!”

Mama Beatrice akanitazama toka upande wa pili. Shemeki, sijawahi kuteswa hivyo. Mtani mzima, nina neno la kuangusha sherehe, na watu wote wamenigeukia wakingoja nifungue kinywa, maana wananijua. Nilimeza bukari. Nikasimama.

“Iko kweli kabisa,” nikasema. Nikakaa.

Walifikiri nimeanza kuzeeka.

Basi pumzika. Munkoyo sasa natafuta mwenyewe, na hakuna anayeitia mizizi kama wewe. Nakuahidi habari hii haitatoka kwetu sisi wenye kuijua, na jiwe halitaona tena maji ya masini. Mimi mwenyewe nitapita kwa Mama Beatrice kulipangusa, kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, basi, na nikiwa pale nitamsimulia habari za watu, maana sasa benchi ni kwake. Lala salama, mwongo wangu.

Shemeki wako na mtani wako,
Donatien

Ngoja, ningesahau. Kwa ile “kweli kabisa” una deni kwangu, dogo tu. Dada yako ameifungia masini kabatini, na ufunguo anauweka mahali ambapo mzee wa heshima hatii mkono mbele ya wajukuu. Meno yangu ya bandia yamekuwa na rangi ya chai, na watu wananiambia masini ile inayaogesha vizuri, hayaumii hata kidogo. Nimemwomba, anasema kitu kilichoogesha bijou za ndoa hakitaogesha kinywa changu. Mimi hanisikii. Wewe alikusikia siku zote. Basi umtokee kwa ndoto, fupi, usimtishe. Kwangu usije, mimi nitapiga kelele. Mwambie tu: “Générose, mupatie muzee masini.” Asubuhi nitamtazama usoni nijue kama ulipita.